Wiki tano za kunyamaza kabla ya kuingia studio

Zilikuwa zimebaki siku 10 kwaya iingie studio, na mwimbaji wake kiongozi alikuwa bado hajamwambia mtu kwamba sauti yake imekwenda.

Mumewe alidhani ni mafua. Walimu wenzake walidhani ni vumbi la chaki. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyesema waziwazi, siku moja walipokuwa wakichambua mchele: "Mama, mbona siku hizi unaongea kama baba akiwa na mafua?" Mama alicheka, na kicheko chenyewe kikatoka kwa kukwaruza. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Ni mama wa miaka 36, mkazi wa Kihonda mjini Morogoro, mwalimu wa shule ya msingi. Darasani kwake wamo watoto zaidi ya 90, na wa nyuma hawamsikii mpaka apaze sauti. Jioni tatu kwa wiki huenda mazoezini, ambako kwa miaka 11 amekuwa akianzisha nyimbo na wenzake wakiitikia. Akirudi nyumbani huinama juu ya jiko la mkaa, apulize moto, huku akiwaita watoto waje kuoga.

Mwaka huo kwaya iliamua kurekodi. Wanakwaya 24 walichanga shilingi 15,000 kila mmoja, kidogo kidogo kwa miezi mitatu, zikapatikana 360,000. Nusu ililipwa studio ili kushika nafasi, na waliambiwa mapema kwamba fedha hiyo hairudi. Wimbo wenyewe aliutunga yeye, baada ya kumzika mama yake mzazi. Angewaambiaje sasa kwamba hawezi kuuimba?

Akaamua kujitibu kimyakimya. Asubuhi tangawizi na asali. Mchana yai bichi, kama alivyoshauriwa na mwanakwaya mmoja wa zamani. Usiku vidonge vya maumivu. Mazoezini alikuwa akinong'ona ili kutunza sauti, na kila baada ya dakika chache akijikohoza ili koo lifunguke.

Wengi hufanya hivyo, na karibu yote hayo hayasaidii. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo iliyo kwenye njia ya hewa. Mwanamke anapozungumza tu, hugusana takriban mara 200 kwa sekunde. Kinachomezwa hakipiti hapo. Kinashuka kwenye njia ya chakula. Kwa hiyo yai bichi haliwezi kuzilainisha, na linaweza kumletea mtu maradhi ya tumbo. Asali na tangawizi hutuliza koo kwa muda, lakini haziondoi tatizo. Kunong'ona kwa nguvu hukaza koo, na kujikohoza huzigonganisha nyuzi hizo upya. Dawa ya maumivu nayo inaweza kumfanya mtu aendelee kuimba juu ya jeraha asilolihisi.

Siri ilifichuka barabarani. Ilikuwa Jumamosi, mama akiwa mlangoni kwa muuza duka, mtoto wake wa mwisho akaona rafiki yake ng'ambo na kukimbilia barabara. Bodaboda ilikuwa inakuja kwa kasi. Mama alifungua kinywa amwite. Haikutoka sauti, ulitoka upepo tu.

Dereva alifunga breki, pikipiki ikayumba, mtoto akasimama katikati ya vumbi akiwa mzima. Muuza duka ndiye aliyepiga kelele. Mama alimfuata mtoto, akamshika mkono, akarudi naye nyumbani bila kununua chochote.

Usiku huo alimwambia mumewe. "Baba watoto, sauti yangu imekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Mume alikaa kimya, kisha akasema, "Jumatatu tunakwenda hospitali."

"Na kwaya? Watu wameshatoa fedha zao."

"Mama watoto, leo umeshindwa kumwita mwanao. Kwaya itasubiri."

Katika hospitali ya rufaa, daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera nyembamba kupitia puani, akazitazama nyuzi. Aliona vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande. Alimweleza kwamba ni kama sugu kwenye kiganja cha mkulima: jembe likisugua mahali pamoja kila siku, ngozi inakuwa ngumu. Haikuwa saratani. Mama alilia pale pale kwenye kiti, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akiliogopa na kwa miezi minne hakulitamka.

Bahati hiyo haimfikii kila mtu. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inahitaji kuangaliwa na daktari, na ni haraka zaidi kwa mvutaji wa sigara, au ikiambatana na shida ya kumeza, damu kwenye makohozi au uvimbe shingoni. Walimu, wahubiri, makondakta na wauzaji wa sokoni wako karibu na tatizo hili kama walivyo waimbaji, kwa kuwa wote wanaishi kwa kupaza sauti.

Maagizo ya daktari yalikuwa mepesi kusikia na magumu kutekeleza. Siku saba za mwanzo, kunyamaza. Baada ya hapo, kuzungumza kwa sauti ya kawaida, bila kupaza wala kunong'ona. Maji kidogo kidogo kutwa nzima. Moshi, mbali. Chakula cha usiku kiliwe mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala, kwa sababu asidi ya tumbo ikipanda usiku huchubua koo. Asiimbe mpaka arudi kuonwa tena, baada ya wiki tano.

Studio ilikuwa baada ya siku nane.

Alimwandikia mwalimu wa kwaya barua ya ukurasa mmoja, naye akaisoma mbele ya wote. Hapo yalisemwa mengi. Wapo waliompa pole. Wapo waliouliza kwa nini hakusema kabla fedha haijalipwa, na swali hilo lilikuwa la haki. Aliketi na daftari lake mapajani, akaandika neno moja, akaliinua walione: "Niliogopa."

Suluhisho lilitoka studio kwenyewe. Produsa alieleza kwamba si lazima wote waimbe siku moja. Ala na waitikiaji watarekodiwa kwanza, kila sauti kwenye njia yake, na kiongozi ataingia baadaye. Haikuwa hivyo enzi za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wanamuziki wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Wakati ule wote walipiga na kuimba kwa pamoja. Mmoja akikosea, wimbo ulianza upya.

Lakini ufunguo ulipaswa kuamuliwa kabla, kwa kuwa kinanda kikisharekodiwa, kiongozi atalazimika kukifuata. Mwalimu wa kwaya aliushusha wimbo kutoka G hadi F, ili atakayetoka kwenye matibabu asilazimike kupanda juu sana. Sauti ya nne wakanung'unika kwamba sasa wataimba chini ya sakafu. Wakafanya mazoezi jioni nne mfululizo mpaka wakazoea.

Alihitajika pia mtu wa kuimba sauti ya mwongozo, ili waitikiaji wajue mahali pa kuingia. Alichaguliwa binti wa miaka 19 wa sauti ya kwanza.

Nyumbani maandalizi yalikuwa ya aina nyingine. Mume alihamisha jiko la mkaa nje, akajifunza kulikoka mwenyewe. Ilinunuliwa kengele ndogo. Ikilia mara moja ni chakula, mara mbili ni kuoga, mara tatu njoo mbio. Mama akawa anajiandaa bila kuimba. Aliandika maneno kwa herufi kubwa na kuweka alama kila mahali pa kuvuta pumzi. Alisikiliza mapigo ya kuhesabu kwenye simu, akiupitia wimbo kichwani.

Siku ya kwaya alikwenda, kinywa amekifunga. Aliwakumbusha kwa maandishi: vueni bangili, msivae vitenge vyenye wanga kwa kuwa vinachakacha, zimeni simu, kuleni lakini msishibe sana. Feni ilizimwa, wakaimba huku jasho likiwatoka. Alimsikia binti yule akianzisha wimbo aliomtungia mama yake, na akausikia vizuri. Kurudi nyumbani alijilaza bila kula. Baadhi ya wanakwaya walikuwa wameshaanza kusema sauti ya binti ibaki hivyohivyo, kazi iishe.

Baada ya wiki tano daktari alikuta vinundu vimepungua, ingawa havijaisha. Alimruhusu kuimba kwa muda mfupi, asilazimishe.

Aliingia studio saa nne asubuhi, maana koo likishaamka huimba vizuri kuliko alfajiri. Alikuwa amekwisha kunywa maji tangu siku iliyotangulia na kupasha sauti taratibu kwa kuvumisha midomo. Alivaa vipokea sauti, akaomba visiwe juu, kwani mtu asiyejisikia vizuri hupaza. Ubeti wa kwanza aliuimba mara tatu. Mara ya tatu sauti ilianza kuchoka, akaitambua, akasimama.

Zamani angeendelea. Safari hii alivua vipokea sauti, akatoka, akamwambia mwalimu wa kwaya kwa sauti ya kawaida, "Ubeti wa kwanza mwachieni binti. Mimi nitaimba wa pili, ule wa mazishi. Nguvu iliyobaki inautosha."

Ndivyo wimbo ulivyotoka. Anayeusikiliza husikia sauti changa ikianza, kisha sauti nzito zaidi ikiingia, kana kwamba mtoto kaanza kusimulia na mama akamalizia. Wengi wanadhani ulipangwa hivyo tangu mwanzo.

Kengele bado ipo mezani. Mume hakubali iondolewe, na jiko la mkaa halijarudi ndani.