Furaha Penye Kaburi Tupu

Wahenga walinena kuwa baada ya dhiki ni faraja. Lakini iko furaha isiyongoja dhiki iishe; hukaa ndani yake, kama kaa la moto chini ya majivu. Wakristo wa Uganda waliionja mwaka 1977.

Askofu Mkuu Janani Luwum, mzaliwa wa Mucwini katika nchi ya Waacholi, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari, 1977 aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Maiti yake ilipelekwa Mucwini, na huko waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Huko Namirembe, Kampala, kaburi lilikwisha kuchimbwa karibu na lile la Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Jumapili iliyofuata, ijapokuwa mazishi yalipigwa marufuku, watu walifika kwa maelfu, wakasimama mbele ya kaburi lisilo na maiti. Ndipo Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, alipowakumbusha habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wakalikuta tupu. Shimo lililoachwa wazi kwa amri ya watawala likageuka kuwa ushuhuda, na watu wakaimba.

Msomaji asidhani kuwa walioimba hawakulia. Wengi walikuwa na hofu, na baadhi yao walikimbilia nchi za jirani, akiwamo Askofu Festo Kivengere. Amin hakuondolewa hadi mwaka 1979. Furaha ya imani haikani msiba. Huunyima tu neno la mwisho.

Hapa ndipo jamaa wengi hukosea. Mjane huambiwa, "Usilie, mshukuru Mungu," naye hulazimika kuyaficha machozi ili asionekane mwenye imani haba. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, hali akijua atakalolitenda. Basi, aendaye matangani na atangulize mtungi wa maji, mzigo wa kuni na kikao cha kimya. Wimbo utakuja kwa wakati wake, na mfiwa mwenyewe ndiye atakayeuanzisha.