Filimbi ya Matundu Manane

Ndugu zangu wa nyumbani,

Niko Utrecht, Uholanzi. Jipya nililonalo ni kwamba nimeanza kujifunza kupiga filimbi.

Si ya refa hii, wala si zumari. Wenyeji huiita blokfluit, kwa ajili ya kizibo kilichotiwa mdomoni mwake kikaacha mwanya mwembamba wa kupitisha pumzi. Ina matundu manane: saba mbele, moja nyuma la kidole gumba. Mkono wa kushoto hukaa juu, wa kulia chini.

Siku ya kwanza nilipuliza kama wapiga zumari wetu kwenye ngoma, mashavu yamejaa. Filimbi ikapiga yowe. Mwalimu, mama mtu mzima mwenye subira, akaniambia niweke kiganja mbele ya mdomo, nikipulizie kama mtu anayepasha vidole joto asubuhi ya baridi. Nikarudia kwa pumzi ile ile, sauti ikatoka laini, imetulia. Sikutaka kuiachia.

Vidole havina ugumu mwanzoni. Gumba nyuma na kidole cha shahada mbele, umepata noti ya "si". Ongeza cha kati, ni la. Ongeza cha pete, ni sol. Kila sauti huanzishwa kwa ulimi, kama unayesema "du" kimoyomoyo. Kazi iko kwenye kuziba. Tundu huzibwa kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na upenyo mdogo kama unywele unatosha kuharibu noti. Nikimaliza zoezi hutazama vidole vyangu: palipozibwa sawasawa pamebaki alama ya duara kamili, na kidole kilichokwenda upande kina nusu duara. Hapo najua kosa lilikuwa la nani.

Wapo hapa wanaoiona filimbi hii kitu cha watoto wa shule ya msingi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kila Jumamosi napita Janskerkhof, penye soko la maua, na pale pale karne ya 17 alikuwa akipiga Jacob van Eyck, kipofu, mpiga kengele wa mji. Mwaka 1649 aliongezewa mshahara kwa sharti kwamba jioni awaburudishe kwa filimbi yake watu waliokuwa wakitembea kwenye uwanja huo wa kanisa. Tungo zake, Der Fluyten Lust-hof, wapigaji wanazishindania hadi leo. Mimi bado niko kwenye noti tatu, na kila jioni nazirudia kwa raha, dirisha nimelifunga kwa heshima ya jirani.

Nikija likizo nitawaletea wapwa zangu filimbi tatu za plastiki, bei yake si kubwa. Dada, nakuomba uanze nao sasa hivi: wafundishe kupuliza kiganja polepole, na wakate kucha. Kucha ndefu haziachi tundu lizibike.