Kwa Nini Nilichagua Chuo cha Butembo

Vijana wengi wa paroki yetu wakiisha kupata Diploma ya Serikali, huulizwa swali moja nyumbani: utakwenda kusoma wapi? Nami niliulizwa hivyo. Naomba niwashirikishe jibu langu, kwa maana halikunijia kwa urahisi.

Mjomba wangu anayeishi Kinshasa alijitolea kunilipia masomo ya sheria huko. Mama alifurahi mno. Yeye ni mjane, mkulima wa migomba katika eneo la Lubero, na karo yangu yote ya sekondari ilitoka katika ndizi zake. “Nimekusomesha ili uliache jembe,” alizoea kuniambia.

Lakini mwaka ule migomba yetu ilianza kufa. Majani yaligeuka manjano na kulegea, ndizi ziliiva kabla ya wakati, na tulipozipasua tulikuta zimeharibika ndani. Mama hakulala. Kila asubuhi alitwaa panga, akakata mashina yaliyougua, kisha akapogoa yale mazima. Kadiri alivyojitahidi, ndivyo shamba lilivyozidi kuangamia.

Jumapili moja, baada ya Misa, mwanafunzi wa kilimo kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoko Butembo, aliomba kusema nasi. Alieleza kwamba ule ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Wadudu huuchukua katika ua dume linaloning’inia chini ya mkungu. Na panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka katika mgomba mzima. Dawa ya kuuponya mgomba hakuna. Ua lile huvunjwa mapema kwa kijiti chenye panda, na panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa shina jingine.

Nilimgeukia mama. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Siku ile nilitambua kwamba upendo na bidii, pasipo maarifa, vinaweza kuharibu kile kile tunachotaka kukiokoa. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa mchungaji wa Jimbo la Butembo-Beni. Kimepewa jina la Bonde la Ufa, bonde ambalo vilima vyetu vinalielekea. Nikaona kwamba kilikuwa kimetufuata hadi mlangoni mwa kanisa kabla sisi hatujakitafuta.

Nilimshukuru mjomba, nikajiandikisha Butembo katika masomo ya kilimo. Mama alilia. Sikudharau sheria, nchi yetu inawahitaji sana mawakili waaminifu. Ila hapo kwanza nilikuwa nikijiuliza chuo kitanipatia nini. Sasa nilijiuliza ni nani anayeyangoja nitakayojifunza, na nilimjua kwa jina.

Leo mama hupitisha panga motoni, na sehemu ya shamba imeanza kuchipuka. Hata hivyo, bado husema kwamba ningekuwa wakili mzuri. Simbishii. Alitaka kuniondolea mzigo wake, na huo ni upendo wa mzazi.

Ewe kijana unayechagua wakati huu, omba mwanga wa Roho Mtakatifu, kisha uwatazame walio karibu nawe. Talanta haifukiwi ardhini tu. Yaweza pia kupelekwa mbali na wale iliyokusudiwa kuwafaa.