Ukaa na Makaa

Katika somo langu la Kiswahili hapa Gitega tulifikia neno "hewa ukaa". Nikaeleza kwamba mti huivuta hewa hiyo kwa majani yake, ukaitenga kaboni na kuijengea shina, matawi na mizizi. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Je, mwalimu, mti huo ukichomwa makaa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana alfajiri ya siku ile mdogo wangu alikuwa amenipigia simu kutoka Muyinga.

Alitaka ridhaa yangu tuikate mikaratusi aliyotuachia marehemu baba kilimani, ichomwe makaa, na magunia yaletwe Gitega. Hoja yake ilikuwa nzito. Tangu Gitega ufanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019 wanunuzi wameongezeka, na aghalabu chungu cha mjini huivia juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Isitoshe, ana watoto watatu shuleni.

Usiku nikapiga hesabu. Mti uliokauka, nusu ya uzito wake hivi ni kaboni. Mti wa kilo 200 umefungia, basi, kilo 100 za kaboni. Nazo zikiungua zote hujitwalia oksijeni hewani, zikazaa kilo zipatazo 367 za hewa ukaa. Kazi ya miaka mingi ya mti hurudi angani kwa siku chache za tanuri na mbabula. Lugha yetu ilikwisha kulitambua jambo hili: ukaa na makaa ni ndugu wa shina moja.

Tangu mwaka 2018 nchi yetu ina mpango wa kupanda miti uitwao "Ewe Burundi Urambaye", jina litokanalo na kwambara, yaani kuvaa. Nami nimepanda pamoja na wanafunzi wangu. Lakini naona twahesabu kuvaa tu, kuvuliwa hatukuhesabu. Huko Iceland mtambo uitwao Orca, uliofunguliwa mwaka 2021, huivuta hewa ukaa na kuizika ardhini igeuke jiwe. Jiwe halidaiwi karo. Mkaratusi wa Muyinga unadaiwa.

Nilimjibu mdogo wangu kwamba tukate nusu, tena kwa mbao za paa, zitakazokaa na kaboni yake, na visiki tuviache vichipue. Nusu ya pili isiguswe. Upungufu wa karo nitaufidia mimi.

"Sawa, kaka," akasema baada ya kimya kirefu. "Utaituma lini?"