Kosa Lilikuwa kwenye Ndoo

Slaidi ikitoka vibaya, wa kwanza kulaumiwa alikuwa himatoksilini, rangi ya viini. Ndivyo nilivyoikuta maabara ya histolojia mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali moja ya rufaa upande wa Ziwa. Viini vya seli vimepauka? Himatoksilini imechoka. Vimebaki vyekundu? Haijaiva. Kuna chembe nyeusi zimetapakaa? Haikuchujwa. Daktari wa patholojia alikuwa akifungua mlango nusu, anainua slaidi kwenye mwanga wa dirisha, anasema, "Jamani, rangi yenu leo!" na kuondoka. Nasi tunamwaga, tunapika nyingine.

Kuipika kulikuwa na raha yake, siwezi kukataa. Unga wa himatoksilini hutokana na gogo la mti wa Meksiko na Amerika ya Kati, na ukiuyeyusha hivihivi hautii rangi kitu. Mpaka uivishwe kwa kuchanganywa na hewa, kazi ya wiki nyingi, au kwa kemikali, kazi ya dakika. Sisi tulifuata njia ya Harris. Unga kwenye spiriti, shabu kwenye maji ya moto, vinachanganywa na kuchemshwa, kisha oksaidi ya zebaki inatiwa kidogo kidogo. Mchanganyiko unageuka zambarau nzito mbele ya macho yako. Mzee aliyetufundisha alikuwa anasimama pembeni na miwani yake puani, na rangi ikigeuka tu anapiga kelele, "Toa, toa sasa!" Chupa inazamishwa kwenye beseni la maji baridi, maana ukichelewa imeungua. Siku hizi zebaki imeachwa kwa sababu ni sumu, inatumika ayodeti ya sodiamu, na maabara nyingi hununua rangi iliyokwisha tengenezwa. Sioni cha kulilia hapo. Moshi ule wa zebaki tuliuvuta bila barakoa.

Mzee huyo, roho yake iko peponi naamini, alikuwa mtu wa kwanza kunionyesha kwamba rangi inaweza kuwa haina hatia. Mwaka mmoja maji ya bomba yalikuwa ya mgawo, tukawa tunatumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Viini vikaanza kutoka na wekundu wa zabibu badala ya buluu. Tukapika rangi upya, wekundu uleule. Mzee alichukua maji ya tangi kwenye bilauri, akatia baikaboneti ya soda kijiko kimoja, akachovya slaidi humo. Katika muda wa kuhesabu polepole hadi sitini viini vikawa buluu iliyokolea. Himatoksilini ikiwa kwenye asidi ni nyekundu. Buluu huipata ikikutana na maji yenye magadi kidogo. Maji yetu ya bomba yalikuwa na chumvichumvi za kutosha, yakatufanyia kazi hiyo miaka yote bila sisi kuyashukuru. Maji ya mvua hayana. "Mnaipika rangi, wanangu," akasema, "na maji je, nani anayapika?"

Lakini kilichogeuza mambo hasa ni zile chembe nyeusi.

Ukanda wetu ni wa malaria. Kimelea cha malaria kikishakula himoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu huacha taka ya rangi ya kahawia iliyokoza, hemozoini, na taka hiyo hubaki kwenye wengu, kwenye ini, na kwenye kondo la mama aliyepata malaria akiwa na mimba. Ni alama ya siku nyingi: Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa kule Algeria, alikuwa akiifuatilia taka hiyohiyo alipokiona kimelea chenyewe mwaka 1880. Kwa hiyo mpatholojia wa kwetu akiona chembe za kahawia kwenye kondo, kuandika "malaria" si jambo la ajabu. Ajabu ilikuja chembe zilipoonekana kwenye uvimbe wa kizazi. Kisha kwenye rovu. Kisha kwenye mguu uliokatwa kwa kidonda cha kisukari. Penye damu nyingi, zipo. Tulichuja himatoksilini mara mbili kila asubuhi na hazikupungua.

Mzee akaomba bloki ya lile rovu. "Kata nyingine," akaniambia, "iyeyushe nta kwa zailini, usiitie rangi yoyote, ifunike uniletee." Nikakata, nikaifunika bila rangi. Kwenye hadubini tishu yenyewe ilikuwa kama hakuna kitu, kivuli tu. Chembe zilikuwa palepale, nyeusi tititi. Rangi haikugusa slaidi ile hata kidogo. Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo mpaka leo nawaonyesha vijana wanaokuja mafunzoni. Zungusha kirekebishi kidogo cha hadubini taratibu. Seli zikiwa wazi, chembe zina ukungu. Chembe zikiwa wazi, seli zina ukungu. Hazikuwa ndani ya seli. Zilikuwa zimelala juu yake.

Tukaenda kwenye pipa la fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu. Karatasi ya kupimia asidi ilipochovywa ikatoa jibu hapohapo. Fomaldihaidi ikikaa, hasa mahali pa joto na mwanga, hugeuka polepole kuwa asidi ya fomiki, na pipa letu lilikuwa chini ya dirisha linalopigwa na jua la mchana, limezimuliwa kwa maji matupu, sehemu moja kwa tisa. Fomalini yenye asidi ikikutana na himoglobini hutengeneza chembe zake yenyewe, za kahawia iliyokoza, ambazo kwa haraka haraka huwezi kuzitenga na za malaria. Mwanga wa polaroidi hausaidii, zote hung'aa. Asidi ya pikriki kwenye spiriti huziondoa zote, ingawa za malaria hung'ang'ania kwa saa nyingi zaidi. (Chupa ya pikriki ilikaa kabatini kwake peke yake, unga umefunikwa na maji muda wote, kwa kuwa ukikauka unaweza kulipuka. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kuifunga.) Na kwenye kondo hata ule ujanja wa kuzungusha kirekebishi una mpaka wake, maana hemozoini nayo hukutwa nje ya seli, imenaswa kwenye faibrini. Dawa ya kweli ni moja, chembe za fomalini zisizaliwe kabisa.

Dawa hiyo ni chumvi mbili. Kwa mililita 100 za fomalini kali weka mililita 900 za maji safi, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili, na asidi inakwisha makali. Basi. Kwenye vitabu ilikuwepo miaka mingi. Kuipata kutoka bohari ndiyo ilikuwa safari: fomu ya kuagiza ilirudi na swali la kalamu nyekundu, chumvi ya nini kwenye dawa ya kuhifadhi nyama? Zilipokuja hatimaye, chembe zikatoweka kwenye rovu, kwenye kizazi, kwenye miguu. Zikabaki kwenye makondo kadhaa, na hapo daktari akawa anaandika "malaria" kwa mkono usiotetemeka.

Baada ya hapo mtu huwezi tena kuitazama slaidi mbaya kwa macho ya zamani. Ukishakubali kwamba chembe zilianzia kwenye pipa, unaanza kujiuliza na mengine yameanzia wapi. Viini vilivyopauka katikati ya titi na kukolea pembeni havikuwa kosa la himatoksilini. Titi zima lilikuwa limetumbukizwa kwenye ndoo halijachanjwa, nusu yake iko juu ya fomalini, na fomalini hutembea ndani ya tishu kwa mwendo wa kama milimita moja kwa saa, kisha hupunguza zaidi kadiri inavyozama. Ukilipasua keshoye, nje pamekuwa kijivu na pagumu, katikati bado pekundu, panateleza, na harufu unaijua. Seli za pale zilikuwa zimekwisha kujila zenyewe. Dawa yake ni kulichanja kama mkate wa kuoka, vipande vya nusu sentimita, na kulipa fomalini mara kumi ya ukubwa wake au zaidi. Hiyo ni kazi ya dakika tano, lakini ya mtu wa chumba cha upasuaji, si yetu.

Vipande kutoka wilayani vilikuja kwa basi. Vingine vilikuwa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, za mdomo mwembamba: kipande kiliingia kikiwa laini, kikakakamaa humo, na kukitoa ni mpaka kuivunja chupa. Ferdinand Blum wa Frankfurt aligundua ukakamavu huo mwaka 1893 kwa vidole vyake mwenyewe, alipokuwa akiijaribu fomaldihaidi kama dawa ya kuua vijidudu. Vingine vilikuja kwenye maji ya chumvi ya dripu, maana fomalini ilikuwa imekwisha kule. Hivyo havikuwa na la kufanywa.

Makosa ya maabarani kwenyewe yapo, nisije nikaonekana ninawasukumia wenzangu mzigo. Zailini ikigeuka maziwa, maji yamebaki kwenye tishu, spiriti ya mwisho ibadilishwe. Umeme ukikatika usiku wa manane nta inaganda mashineni na vikapu vimenasa ndani. Wakati wa joto nta ni laini na utepe unajikunja kwenye maikrotomu, bloki lazima ilale kwenye barafu kwanza. Vibofu vya mkojo vya wagonjwa wa kichocho vimejaa mayai yaliyogeuka chokaa, na kila yai huacha mchirizi kwenye makali. Enzi za kisu cha chuma, kibofu kimoja kilikuwa kinakupeleka kwenye jiwe la kunolea asubuhi nzima. Nyembe za kutupa zimekuja, jiwe lile sasa linazuia mlango.

Himatoksilini ni yenye huruma. Tishu iliyochelewa kuingia fomalini bado itakupa picha, mpatholojia mzoefu ataisoma. Kilichotunyima kisingizio ni vipimo vya kingamwili, vya kutafuta vipokezi vya homoni kwenye saratani ya matiti. Hapo jibu linaamua dawa: mwenye vipokezi vya estrojeni hupewa tamoksifeni, asiye navyo hapewi. Na vipokezi vyenyewe huharibika tishu ikikaa nje, kwa hiyo mwanamke anaweza kuandikiwa "hasi" kwa sababu ya ndoo. Mwaka 2010 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa saratani na cha wapatholojia, viliweka kiwango: tishu iingie fomalini ndani ya saa moja, ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kwenye slaidi yenyewe yupo shahidi. Vijifereji vya kawaida vya titi, visivyo na saratani, hubeba vipokezi hivyo. Vikitoka vyeupe navyo, jibu la "hasi" halina uzito. Mara ya kwanza tulipoviona vyeupe kabisa hakuna aliyesema neno kuhusu rangi. Mpatholojia alivua glavu akatuambia, "Twendeni thieta."

Sista wa thieta hakutupokea vizuri. "Daktari, mimi nina mgonjwa mezani, na wewe unaniuliza habari za nyama?" Alikuwa na haki yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndoo ile ina saa yake. Akaelezwa, akaonyeshwa picha mbili, titi lililowahi na titi lililolala nje, akanyamaza kidogo, akauliza wino wa kuandikia ndoo uko wapi. Fomu ikaongezwa visanduku viwili: saa ya kutoka mwilini, saa ya kuingia fomalini. Vikaanza kujazwa. Tatizo likawa jingine: mmoja anaandika "saa 3" kwa maana ya asubuhi, mwenzake anaandika "saa 3" akimaanisha saa tisa ya alasiri, kwa kuwa daktari wake anasoma saa ya kizungu. Tofauti yao ni saa sita kamili, na saa sita ndicho kile kiwango cha chini! Ikabidi fomu ichapwe upya, na namba za 0 hadi 23.

Siku hizi mashine hupaka rangi yenyewe, na vijana wetu slaidi ikitoka vibaya huifungua mashine kwanza. Nawaacha waifungue. Wakimaliza nawauliza saa za ndoo.

Kinachotusumbua sasa ni wikiendi. Titi lililoingia fomalini Ijumaa saa 16:00 likitolewa Jumatatu saa 8:00 lina saa 64, limo ndani. Jumatatu ikiwa sikukuu, mpaka Jumanne asubuhi ni saa 88, limevuka. Kwa hiyo tuna zamu: mtu mmoja anakuja siku ya mapumziko, anachanja, anahamishia vipande kwenye spiriti ya asilimia 70, anaandika saa, anarudi nyumbani kwake. Pasaka ni rahisi, tarehe yake inajulikana mwaka mzima kabla. Idi ndiyo inayotugombanisha. Mwezi ukiandama leo, mapumziko yanaanza kesho; usipoandama, kesho kutwa; na orodha ya zamu ilikwisha kubandikwa ukutani tangu Alhamisi. Mwaka jana aliyepangwa aliiacha pilau yake akaja siku ambayo kumbe si yake, na aliyepaswa kuja akadhani amekwisha kuja mwingine. Tumeamua siku hizo wapangwe wawili. Posho ya huyo wa pili bado haijakubaliwa.