Barua kutoka Reading: Wapeleke Watoto Mahakamani

Mdogo wangu Mwalimu,

Nina jambo moja moyoni, na kwa kuwa wewe ndiye unayefundisha Uraia, nakuandikia wewe.

Miezi michache iliyopita niliokota mlangoni bahasha yenye mhuri wa mahakama. Mikono ilinitetemeka. Unajua kwetu samansi ikiingia, nyumba nzima haili. Kumbe sikushitakiwa na mtu. Niliitwa nikae na wenzangu, jumla watu 12, tusikilize kesi ya jinai na kuamua kama mshitakiwa ana hatia. Na pasipoti yangu bado ni ya Tanzania! Huku raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali anaandikishwa kupiga kura, na majina ya wa kuitwa huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari hilohilo la wapiga kura, miaka 18 hadi 75, mradi umekaa nchini miaka mitano.

Tuliyojadili chumbani siwezi kukusimulia, sheria inanikataza. Lakini la ukumbini nitakwambia. Siku ya pili waliingia wanafunzi na mwalimu wao, wakakaa viti vya nyuma, daftari magotini. Hakuna aliyewashangaa. Katika mtaala wa taifa wa sekondari za England, uraia ni somo la lazima tangu mwaka 2002, na zipo shule zinazoshindana kwa kesi za kuigiza, ndani ya mahakama yenyewe siku ya Jumamosi: mtoto huyu wakili, yule shahidi, yule karani, mbele ya jaji wa kweli.

Nikiwatazama, nilimkumbuka Baba Mkubwa. Unaikumbuka ile kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi yake? Alishindwa Mahakama ya Mwanzo, akarudi kijijini kimya, akiamini yameisha. Mwezi wa tatu tangu hukumu ndipo mtu alipomwambia kwamba angeweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, pale pale Mpanda mjini, ndani ya siku 30. Siku zilishapita. Sisi watoto wake wanne tuliosoma sekondari, tuliojibu mitihani kuhusu mihimili mitatu ya dola, hakuna hata mmoja aliyejua habari ya siku 30. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tuliyakariri hayo kwa Kiingereza, mdogo wangu. Mahakama ya Mwanzo inazungumza Kiswahili, na tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote, lakini sisi tulifundishwa mahakama za kwetu kwa maneno ambayo mlalamikaji wa Nsemulwa hapo Mpanda hayajui. Mtoto akikaa saa moja tu akimsikiliza hakimu akimuuliza shahidi, ataelewa kuliko kurasa kumi za maelezo ya ubaoni.

Wala usidhani nakuletea desturi ya Wazungu. Tulipokuwa wadogo, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 walipiga kura pamoja naye. Walikuwa watu wa mtaani kwetu, wakulima na wafanyabiashara wadogo. Je, wanafunzi wako wanajua kwamba babu zao waliwahi kuamua kesi?

Wafikirie na watoto wa makazi ya Katumba na Mishamo, ambao babu zao walikimbia Burundi mwaka 1972 na ambao familia zao zilikuja kupewa uraia baadaye sana. Kwao uraia ni karatasi iliyosubiriwa miaka zaidi ya 30. Wanastahili kuona kilichomo ndani yake.

Wiki ya Sheria huadhimishwa kila mwaka mwishoni mwa Januari, na mahakama hutoa elimu kwa wananchi. Usingoje wakufuate shuleni. Mwandikie Hakimu Mkazi Mfawidhi sasa, kabla shule hazijafungwa, umwombe akupangie siku na kesi inayofaa watoto kusikiliza. Kabla ya kwenda, wafundishe maneno: mdai, mdaiwa, kizimba, hati ya hukumu, rufaa. Wakirudi, waigize kesi ya ng'ombe na mahindi, na atakayeshindwa aandike rufaa yake.

Nauli ya watoto hao nitaituma mimi. Niambie ni wangapi.

Dada yako,
Reading, Uingereza