Kidonda Kidogo cha Punda

Sisi tufugao punda hapa pwani ya Tanga twajua ya kuwa njia zetu zina matumbawe makali. Kila jioni, mzigo ukiisha kushushwa, twainua kwato moja moja na kuzitoa changarawe. Kidonda kidogo wengi hukidharau; lakini kumbukeni jina la ugonjwa ule: pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, na tundu jembamba lisilopata hewa ndilo makao yao. Kwa hiyo twaosha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita moja, kisha twalifunga kitambaa safi. Majivu hatutii kamwe. Jeraha likiwa la kina, bwana mifugo aitwe siku ile ile, amchome sindano. Punda hasemi, amtwikaye ndiye amsemee.